Masizi Yanayokubali Maji

Leo mazungumzo yetu yanahusu kaboni na maji. Ni habari ya maabara za mbali, Japani na Marekani na kwingineko, lakini nitaianzia hapa kwetu Maniema, katika Kongo, maana hapa lilitokea jambo linaloifafanua vizuri kuliko mchoro wowote wa kitabuni.

Mwanzoni mwa mwaka 1871 David Livingstone, yule mmisionari na msafiri wa Scotland, alikuwa Kabambare. Katika maandishi yake aliuita mji Bambarre. Alifika mwaka 1869, na vidonda vya miguu vikamweka kitako miezi mingi, akihifadhiwa na mfanyabiashara wa pwani, Muhammad bin Gharib. Karatasi zikamwishia, na wino ukamwishia. Ikabidi aandike juu ya kurasa za vitabu, kisha juu ya gazeti la London, The Standard, la tarehe 24 Novemba 1869, mistari yake ikikatiza ile iliyochapwa. Mahali pa wino alitumia maji ya mbegu ambazo watu wa huku walizitumia kutia nguo rangi. Jina la mbegu hizo aliliandika zingifure. Kurasa hizo za gazeti ndizo zilizobeba habari ya Nyangwe, ya tarehe 15 Julai 1871, siku ambayo watu wa wafanyabiashara walifyatua bunduki sokoni, na mamia, wengi wao wanawake waliokuja kuuza na kununua, wakafa kwa risasi na kwa kuzama katika mto Lualaba.

Nayo habari hiyo karibu itupotee. Wino wa mbegu ulififia, maandishi ya gazeti yakabaki meusi, na kufikia wakati wetu macho ya kawaida yalishindwa kabisa kutenganisha mstari wa Livingstone na tangazo la biashara lililo chini yake. Kilichosomwa kwa zaidi ya miaka 130 ni nakala aliyoitengeneza Livingstone mwenyewe baadaye, iliyotolewa kitabu London mwaka 1874 baada ya kifo chake. Mwaka 2010 kikundi cha wataalamu kilichoongozwa na Adrian Wisnicki kilianza kuzipiga picha karatasi zile kwa mianga ya rangi mbalimbali, pamoja na ile isiyoonekana kwa jicho, kisha kompyuta zikachambua picha hadi wino uliofifia ukajitokeza. Mwishoni mwa mwaka 2011 shajara ilitolewa ikisomeka, na ikaonekana kwamba aliyoyaandika siku zile hayafanani katika kila jambo na yale ya kitabu cha 1874. Kwa watu wa Maniema hilo ni jambo zito. Ushahidi wa damu ya wazee wetu ulining'inia juu ya ubora wa wino.

Sasa tuuingie wino wenyewe. Waswahili huita mzingefuri ule mti mdogo wenye maganda ya miba na mbegu nyekundu, ambao rangi yake inashika vidole mara moja. Rangi ya namna hiyo ni molekuli, yaani chembe ndogo kabisa za kitu, na molekuli hizo zina tabia mbili. Mwanga ukizipiga siku nyingi zinavunjika, rangi inakwenda. Na zinapenda mafuta kuliko maji, ndiyo maana mpishi huzikaanga kwanza kwenye mafuta ili zitoe wekundu wake. Masizi hayana udhaifu wa kwanza. Masizi ni kaboni, na jua la Maniema likiyachoma mwaka mzima hayabadiliki rangi. Kuna mafunjo ya Misri yenye umri wa maelfu ya miaka ambayo wino wake wa masizi ungali mweusi. Laiti Livingstone angeandika kwa masizi tu, kazi ya 2010 isingehitajika.

Lakini jaribu kuandika kwa masizi tu. Shika sahani ya bati juu ya ndimi za kibatari, masizi yatanata. Yakwangue uyamwage katika kikombe cha maji, ukoroge. Yataelea. Yatashikana mabonge, yatapanda kwenye ukingo wa kikombe, na maji yatabaki meupe chini yake. Ukikoroga mpaka mkono uchoke, hali itakuwa ileile. Molekuli ya maji ina upande wenye chaji hasi na upande wenye chaji chanya, kwa hiyo molekuli za maji zinavutana zenyewe kwa zenyewe bila kukoma. Kaboni haina chaji ya kuzionyesha. Maji yanaifunga nje ya mshikamano wao, na punje za kaboni, zikiwa zimesukumwa pamoja, zinanatana kwa nguvu ya karibu karibu ambayo kila kitu kinayo kikimgusa mwenzake.

Sasa tia katika kikombe kilekile kipande kidogo cha sabuni ya mawese, ukoroge tena. Maji yatageuka meusi, na weusi utakaa.

Wasikilizaji mliosoma chuoni, kwa maalimu, mnaijua njia ya pili. Katika ulimwengu wa Kiislamu, tangu Baghdad hadi Timbuktu, wino wa kale ulitengenezwa kwa masizi, maji na gundi ya mgunga. Al-Mu'izz ibn Badis, mtawala wa Afrika Kaskazini aliyekufa mwaka 1062, anahusishwa na kitabu kizima cha kazi ya mwandishi, kalamu na wino na jalada, na wino wa masizi na gundi umo ndani yake. Elimu ya chuo na maandishi ya Kiarabu ilifika huku kwetu pamoja na watu wa pwani, wale wale waliojenga Kasongo na Nyangwe na waliofanya biashara ya pembe na ya watumwa. Tuliyoyapata kutoka kwao yalikuja yamechanganyika na maumivu, na ninayataja yote mawili kwa pamoja kwa sababu yalikuja kwa njia moja.

Gundi ya mgunga inafanya nini mle ndani? Gundi hiyo ni polima. Polima ni molekuli ndefu sana, mnyororo uliotengenezwa kwa kuunganisha vipande vidogo vinavyofanana, mamia au maelfu yake. Minyororo ya gundi ya mgunga ni ya sukari, yenye matawi mengi, na katikati ina kipande cha protini. Sehemu za mnyororo zinazoipenda kaboni zinalala juu ya punje ya masizi. Matawi ya sukari, ambayo maji yanayapenda, yanabaki nje yakielea. Punje mbili zikikaribiana, matawi ya moja yanabanana na matawi ya nyingine, yanakosa nafasi ya kutikisika, na punje zinasukumana kabla hazijagusana. Hakuna kilichobadilika ndani ya kaboni. Kilichobadilika ni kile ambacho maji yanakutana nacho kwanza. Kwa sababu gundi haikufungwa kwa kifungo chochote cha kudumu, ubao wa chuo unaooshwa kwa maji unatoa maandishi yake yote, tayari kwa aya nyingine.

Gundi hiyo bado ni bidhaa kubwa duniani. Sudan ndiyo inayotoa nyingi kuliko nchi zote, na huko Kenya inavunwa Turkana, Samburu na Isiolo. Viwanda vya soda vinaitumia ili mafuta yanayotia ladha yasijitenge na kupanda juu ya chupa. Marekani ilipoiwekea Sudan vikwazo vya biashara mwaka 1997, gundi ya mgunga ilisamehewa. Chupa ya soda inayouzwa kando ya barabara hapa Kasongo huenda imebeba kemia ileile ya kidau cha wino cha maalimu.

Basi tufike kwenye habari yenyewe.

Mwaka 1991 mtaalamu wa Japani, Sumio Iijima, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya NEC huko Tsukuba, aliangalia kwa hadubini ya elektroni mabaki ya kaboni yaliyoachwa na cheche ya umeme. Aliona nyuzi ndogo mno, na kila uzi ulikuwa mrija mtupu katikati. Warusi wawili, Radushkevich na Lukyanovich, walikuwa wamechapisha picha za mirija kama hiyo mwaka 1952, lakini ni makala ya Iijima iliyoiamsha dunia. Mwaka 1993 ikapatikana mirija yenye ukuta mmoja tu. Fikiria tabaka moja la atomi za kaboni, zilizoungana katika pembe sita sita, halafu tabaka hilo likunjwe kama mkeka unavyokunjwa baada ya sala. Upana wa mrija huo ni kama nanomita moja. Unywele wa mtu una upana wa nanomita elfu 80 hivi. Urefu wake nao unaweza kuzidi upana mara elfu na zaidi. Wataalamu wanaiita nanotyubu za kaboni. Uzito ukilinganishwa, ina nguvu kuliko chuma cha pua, na nyingine zinapitisha umeme vizuri sana.

Nayo ina tabia ya masizi, tena mbaya zaidi. Punje mbili za masizi zinagusana kwenye nukta. Mirija miwili inagusana kwa urefu wake wote, kwa hiyo nguvu ndogo ya kila nukta inajumlishwa mara maelfu. Mirija inajifunga mafungu ambayo hayafunguki. Ukiitia katika maji inaanguka chini kama tope jeusi. Aliye na dawa ya kubebeshwa mrija, au anayetaka kuitandaza sawasawa juu ya kitu, hana analoweza kufanya kwa mafungu hayo. Miaka kumi baada ya Iijima, hilo ndilo lililowakera wakemia kuliko jambo jingine lolote la mirija hii.

Mwaka 2001 kikundi cha Chuo Kikuu cha Rice, huko Houston, alikokuwa Richard Smalley aliyepewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1996, kilionyesha kwamba mrija ukizungushiwa polima unaingia majini. Mojawapo ya polima walizotumia ni polivinili pirolidoni. Jina ni refu, lakini kitu chenyewe kiko katika kila kituo cha afya chenye chupa ya Betadine. Muuguzi akipaka jeraha dawa ile ya kahawia, anapaka ayodini iliyoshikwa na polima hiyohiyo. Ayodini peke yake haitaki maji, inaingia kidogo sana. Polima inaishika, inaipeleka majini, kisha inaiachilia polepole juu ya jeraha. Iliyofanya kazi hiyo kwa ayodini tangu miaka ya 1950 ndiyo iliyofanya kazi kwa mirija ya kaboni. Na watu wa Rice waliona kwamba mzingo ule unafunguka: ukibadilisha kimiminika, polima inajikunjua, mrija unabaki uchi kama ulivyokuwa. Maana yake, kinachoisukuma polima kuuzunguka mrija ni maji yenyewe, kukataa kwao kuigusa kaboni.

Mwaka uliofuata, 2002, Alexander Star na wenzake huko California, akiwemo Fraser Stoddart aliyekuja kupata Nobel mwaka 2016, walitumia wanga. Wanga ule ule wa mchele na muhogo. Mnyororo wa wanga unapenda kujisokota, na ndani ya msokoto unabaki uwazi. Mwanafunzi aliyewahi kudondoshea ayodini juu ya bukari na kuona rangi ya buluu inayokaribia weusi, ameona msokoto huo umemeza ayodini. Wanga mtupu haukuikubali mirija kwa urahisi. Walipoupa kwanza ayodini, ukajipanga katika msokoto, na mrija ukaingia ukiisukuma ayodini nje. Maji yakawa na kaboni. Kisha wakatia kimeng'enya kinachokata wanga, ndugu wa kile kilicho katika mate yetu, na mirija yote ikaanguka chini, imevuliwa. Waliona humo njia ya bei nafuu ya kuisafisha mirija na uchafu wake: ipandishe majini kwa wanga, iache takataka chini, kisha iteremshe kwa kimeng'enya. Kwangu mimi hilo ni jaribio zuri kuliko yote ya miaka ile. Vifaa vyake vikubwa ni chakula cha mchana.

Mwaka huohuo wa 2002, katika Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israeli, Rachel Yerushalmi-Rozen na wenzake waliitia mirija katika maji yenye gundi ya mgunga. Waliitikisa kwa mawimbi ya sauti ili mafungu yafumuke, na gundi ikaingia katikati ya mrija na mrija kabla haijarudiana. Walipata wino. Ndiyo, ni wino wa kale uleule, masizi yamebadilishwa na mirija, na mchanganyiko ukakaa bila kuanguka.

Ninalisema hili kwa vijana wetu wa sekondari hasa. Shule nyingi za huku hazina maabara, na kijana anahitimu akijua kuandika fomula ambazo hajawahi kuziona zikifanya kazi. Kemia ya mwaka 2002 iliyochapishwa katika majarida makubwa ya dunia ilifanywa kwa gundi ya mti na wanga. Mwalimu akiwa na kibatari, sabuni, chupa ndogo ya ayodini na maji ya mchele, ana somo la wiki mbili, na ni somo la kweli, halina upungufu wa kuonewa aibu. Arusha, Tanzania, katika Taasisi ya Nelson Mandela, Askwar Hilonga alitengeneza chujio la maji linalotumia mchanga pamoja na chembe za nano, na mwaka 2015 akawa wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Alianza na maji ya watu wa kwao, yenye floraidi nyingi. Maswali makubwa yamo katika vitu tunavyovigusa kila siku, na kijana wa Wamaza, hapa kwetu, ana haki ya kuyauliza sawa na kijana wa Houston.

Kuzungushia kuna kasoro, na maalimu aliyeosha ubao anaijua: kinachoshika bila kifungo kinaweza kuachia. Ndani ya damu kuna protini nyingi, chumvi, mafuta, na kila kimoja kinagombania nafasi juu ya mrija. Polima iliyolala tu inaweza kusukumwa pembeni. Kwa hiyo wakemia wengine walichagua kuifunga polima kwa kifungo cha kemia, atomi kwa atomi. Ugumu ni kwamba ukuta wa mrija umetosheka, kila kaboni imeshikana na jirani zake watatu, hakuna mkono ulio wazi. Lazima kwanza uujeruhi. Mirija inachemshwa katika asidi ya nitriki na ya salfuriki, asidi inakata ncha na kutoboa pembeni, na kila palipojeruhiwa panabaki kundi la atomi liitwalo kaboksili, lenye asili ya asidi. Hapo ndipo polima inapofungwa. Kundi la Smalley lilionyesha ukataji huo mwaka 1998, na kundi la Ya-Ping Sun, katika Chuo Kikuu cha Clemson, likafunga polima kwenye makundi hayo, ikapatikana mirija inayokaa majini bila wasiwasi wa kuvuliwa.

Lakini kila jeraha ni kizuizi kwa umeme. Elektroni zinazokimbia juu ya ukuta mzima zinakwama palipotobolewa. Anayetaka waya hawezi kufurahia mrija uliochakazwa kwa asidi, na anayetaka kubeba dawa hajali umeme, anajali kifungo kisichokatika. Mimi nimekuwa nikiona watu wakiuliza njia ipi ni bora, kana kwamba kuna jibu moja. Kwa betri na nyaya ningezungushia. Kwa mwili wa mtu ningetaka kitu kilichoshikwa imara zaidi ya hapo, hata kwa gharama ya ukuta.

Na betri si habari ya mbali. Katika betri za lithiamu, baadhi ya watengenezaji wanachanganya mirija ya kaboni ndani ya uji mweusi unaopakwa kwenye bamba, ili umeme upite vizuri kati ya punje. Uji huo usipokuwa na polima ya kuitawanya mirija, unakuwa mabonge na betri inakuwa mbovu. Punje zenyewe, katika betri za aina nyingi, zina kobalti, na kobalti nyingi ya dunia inatoka Kolwezi na jirani zake, katika nchi hii yetu. Bati linalounganisha vipande vya simu linatokana na kasiterite, na tantali iliyo katika vipande vyake vidogo inatokana na koltani. Mchimbaji wa Maniema anayebeba gunia begani amebeba mwanzo wa kifaa ambacho mwisho wake ni kemia niliyoieleza. Ningependa ajue hivyo, na mtoto wake zaidi.

Upande wa dawa ndio uliotia watu matumaini makubwa, na hofu kubwa pia. Huko Stanford, kundi la Hongjie Dai liliivisha mirija ya ukuta mmoja polietilini glikoli, polima ambayo watu wa maabara huiita PEG na ambayo kidogo chake kimo pia katika chanjo za Korona za Pfizer na Moderna. Maji yanaipenda sana, na kinga ya mwili inachelewa kuitambua. Mwaka 2007 walionyesha kwamba mirija hiyo ikiwekewa pia kipande cha protini kinachotambua uvimbe, inakusanyika ndani ya uvimbe wa panya. Mwaka 2008 wakaonyesha kwamba PEG yenye matawi inaiacha mirija izunguke katika damu ya panya hadi siku moja, na kwamba baada ya miezi miwili hivi viungo vikubwa vilikuwa karibu vimekwisha kuitoa. Mrija usiovishwa vizuri unanaswa na ini na bandama mapema. Polima haikuwa pambo la kuuingiza mrija majini tu, iliamua mrija uende wapi mwilini na ukae muda gani.

Mwaka huohuo wa 2008 ikatoka Edinburgh habari ya kutisha. Craig Poland, Ken Donaldson na wenzao waliingiza katika tumbo la panya mirija mirefu, migumu, yenye kuta nyingi. Utando wa ndani ulivimba na kutengeneza makovu yaleyale yanayosababishwa na asbesto. Sababu ni umbo: seli inayosafisha mwili inajaribu kuumeza uzi mrefu kuliko yenyewe, inashindwa, inakwama, na inaendelea kumwaga sumu zake pale pale. Mwaka 2014 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka aina moja ya mirija yenye kuta nyingi, MWCNT-7, katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Wasikilizaji wanaofanya kazi ya kutwanga mawe machimboni wanajua vumbi linavyokaa kifuani. Vumbi la mirija hii ni jepesi zaidi na halionekani. Mrija uliolowa ndani ya maji haurukiruki hewani, na hiyo ni faida ya polima ambayo waandishi wengi wanaisahau: mfanyakazi wa kiwandani anapopokea mirija ikiwa majini, badala ya kupokea unga mkavu kwenye mfuko, mapafu yake yanapona sehemu kubwa ya hatari. Kama siku moja kiwanda cha aina hiyo kitakuja Kolwezi au Lubumbashi, hilo lingekuwa sharti la kwanza kabla ya mazungumzo ya mshahara.

Linabaki swali la mwili: ukishauingiza mrija ndani, nani atauondoa? Mwaka 2010 Valerian Kagan wa Pittsburgh, na pamoja naye yuleyule Alexander Star wa wanga, walionyesha kwamba seli nyeupe za damu ziitwazo neutrofili zina kimeng'enya, mieloperoksidezi, kinachoweza kuila kaboni ya mirija mpaka isalie karibu hakuna. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba mwili hauna jino la kaboni ya namna hiyo. Lakini mirija waliyotumia ilikuwa imekwisha kukatwa na kujeruhiwa kwa asidi. Makundi ya kaboksili, yale yale yanayoharibu njia ya umeme, ndiyo yaliyokipa kimeng'enya mahali pa kuanzia. Kasoro kwa mwenye waya imekuwa mlango kwa mwenye dawa. Uchunguzi uliofuata, wa mwaka 2014, ulihusu mirija iliyovishwa PEG. Neutrofili ilianza kwa kuivua: kwanza ilikata polima, kisha ikaufikia ukuta. Jinsi polima ilivyo ndefu na ilivyofungwa ndivyo kazi hiyo inavyokwenda haraka au polepole, na anayeunda mrija wa dawa leo anapima mnyororo wake kwa mambo mawili kwa wakati mmoja, muda wa kuzunguka katika damu na muda wa kuliwa.